Kisukari huumiza na moyo: swali linalosahauliwa kliniki

Mgonjwa wa kisukari anapofika kliniki huulizwa maswali mengi. Umemeza dawa? Umekula nini? Sukari ilikuwa ngapi asubuhi? Miguu haina vidonda? Hupimwa uzani na presha, hudungwa kidole likatoka tone la damu, kisha huandikiwa dawa na kupewa tarehe ya kurudi. Lakini kuna swali moja ambalo aghalabu haulizwi: je, mzigo huu unaubebaje?

Msomaji mpenzi, huenda ukadhani hilo ni swali la adabu tu, kama kumjulia mtu hali njiani. La hasha. Kwa miaka 30 na zaidi watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakilichunguza, na wanachokiona ni kwamba jibu lake lina uzito katika matibabu. Aliyechoka moyoni hukosa nguvu za kufuata masharti, na dawa haina faida ikibaki kabatini, hata iwe nzuri namna gani.

Tuseme yuko mama mmoja wa makamo, mwuza nguo sokoni mjini Machakos. Tumwite Mama Mutua. Ni mama wa kubuni, lakini wenzake wa kweli tunao katika kila mtaa. Miaka minne iliyopita aliambiwa ana kisukari aina ya 2, na tangu siku hiyo sahani yake imekuwa mali ya umma. Akienda harusini, mwenyeji humsihi: "Mwaitu, onja kidogo tu, hakitakudhuru." Akionja, jirani humgeukia: "Kwani wewe si mgonjwa wa sukari?" Nyumbani kifungua mimba wake huchungulia kikombe: "Mama, hiyo chai umetia sukari?" Wote wanampenda, wala hakuna anayemtakia mabaya. Lakini yeye anajihisi kama mshtakiwa ambaye kesi yake haiishi.

Siku tatu kabla ya kliniki hujinyima chakula ili kipimo kitoke vizuri. Kipimo cha asubuhi huenda kikamridhia, lakini kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu hakidanganyiki. Hapo hukemewa: "Mama, wewe hutaki kupona?" Hujibu kwa kuinama. Safari inayofuata haendi. Mwezi mwingine haendi tena. Watu wa nyumbani wakimwuliza husema foleni ilikuwa ndefu. Ukweli ni kwamba ameogopa, amechoka na ameona haya. Anayekemewa kila mara hujifunza kuficha, na kisukari kinachofichwa ndicho kinachokuja kula macho, figo na miguu.

Zamani lawama zilikuwa za mgonjwa

Kuhusisha kisukari na huzuni si jambo geni. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu huweza kuleta ugonjwa huu. Hata baada ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, walikuwako wataalamu walioshikilia kwamba wenye kisukari wana tabia yao maalumu, kana kwamba ugonjwa huchagua watu wa roho fulani. Uchunguzi ulipofanywa kwa makini zaidi, dhana hiyo haikupata ushahidi wa kuisimamisha. Lakini mabaki yake tunayo mpaka leo kila tunaposema fulani ameugua kwa sababu ya ulafi au ukaidi wake.

Mwelekeo ulibadilika watafiti walipoacha kuuliza "mtu huyu ana kasoro gani?" wakaanza kuuliza "ugonjwa huu unamdai nini?" Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake wa kituo cha kisukari cha Joslin mjini Boston, Marekani, walichapisha orodha ya maswali 20. Hayahusu kiwango cha sukari. Yanahusu hofu ya madhara ya baadaye, hatia baada ya kuvunja masharti, upweke, na kuchoshwa na kazi ya kujitunza kila uchao. Kwa mara ya kwanza kliniki ilipata namna ya kupima mzigo wenyewe, kama inavyopima presha.

Mwaka 2001 kundi jingine la watafiti wa Marekani lilikusanya tafiti 42 na kuzilinganisha. Likaona kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa kupata unyogovu mara mbili ya asiye nacho. Unyogovu hapa si huzuni ya siku moja. Ni ugonjwa unaomwondolea mtu hamu ya maisha kwa majuma. Lakini kulikuwa na jambo la kushangaza katika hesabu hizo. Wagonjwa walipohojiwa ana kwa ana na wataalamu, asilimia 11 walikutwa na unyogovu. Walipojaza fomu za maswali tu, idadi ikapanda hadi asilimia 31. Wale wengine walikuwa na nini?

Sehemu ya jibu ilitolewa na Lawrence Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Walionyesha kwamba wengi wanaoonekana wana unyogovu hawana maradhi ya akili hata kidogo. Wamelemewa na kisukari chenyewe. Mwaka 2010 walieleza kwamba kulemewa huko ndiko kunakoandamana zaidi na sukari kupanda, kuliko hata unyogovu wenyewe.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwenye unyogovu huona dunia yote imeingia giza: kazi, watoto, ibada, hata wimbo alioupenda. Huyu anahitaji matibabu ya unyogovu. Aliyelemewa na kisukari bado anacheka na wajukuu na kufurahia mavuno; kinachomvunja ni vidonge, sindano, gharama, makemeo na hofu ya kukatwa mguu. Huyu akipewa dawa za unyogovu hajatibiwa. Anahitaji kufundishwa, kusikilizwa na kupunguziwa mzigo. Na wako wenye yote mawili kwa pamoja.

Mwili nao una sehemu yake. Mtu akiwa na hofu au wasiwasi mwingi, mwili hutoa homoni zinazofanya sukari ipande katika damu, kama kwamba anajiandaa kukimbia simba. Kwa asiye na kisukari hali hiyo hutulia. Kwa mwenye kisukari sukari hubaki juu, naye akiona kipimo huzidi kuogopa. Zaidi ya hayo, dalili huchanganyika. Uchovu, usingizi mbaya na kupungua uzani huweza kutoka kwa sukari au kwa unyogovu. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huweza kuwa woga, lakini huweza pia kuwa sukari imeshuka kupita kiasi, jambo la hatari. Ndiyo maana mwenye dalili hizo hupimwa sukari kwanza kabla ya kuambiwa atulize moyo. Kama kipimo hakipo karibu, ni salama zaidi kumpa kitu chenye sukari haraka, maadamu anaweza kumeza, kuliko kungoja.

Hali yetu hapa nyumbani

Pengine utasema hayo ni ya Wazungu. Basi tutazame utafiti uliofanywa katika nchi 14, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2018. Watu 2,783 wenye kisukari aina ya 2 walihojiwa. Karibu asilimia 11 walikuwa na unyogovu kamili, na asilimia 17 walikuwa na dalili nzito au za wastani. Wanawake, watu wa elimu ndogo na wale waliolemewa zaidi na kisukari chao ndio walioathirika zaidi. Lakini lililo kubwa ni hili: watafiti walipofungua faili za hospitali za wagonjwa hao, ni wachache mno walioandikiwa popote kwamba wana unyogovu au wanatibiwa. Walikuwa wakifika kliniki, wakipimwa na kurudi nyumbani, bila mtu kujua.

Kwetu kuna kizuizi kingine. Ukimwambia mtu aende akaonane na daktari wa akili, wazo la kwanza ni Mathari, na hakuna anayetaka jirani amwone kwenye lango lile. Kikosi maalumu cha serikali kuhusu afya ya akili, kilichoongozwa na Dkt Frank Njenga, kilitoa ripoti yake mwaka 2020 na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Wataalamu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mama wa Masinga au Yatta akiambiwa asubiri mtaalamu, atasubiri sana.

Basi watafiti wakageukia swali jingine: ni nani mwingine anayeweza kusaidia? Hapa ndipo habari njema zinapoanzia.

Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa kawaida, namna ya kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Hawakutumia majina ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi husema fulani ana mawazo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na akina bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Benchi hilo halikuwekwa kwa ajili ya kisukari, lakini lilithibitisha kwamba msaada wa moyo si lazima ungoje daktari bingwa.

Kwa wenye kisukari hasa, mfano mmoja umetoka India. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 404 waliokuwa na kisukari na unyogovu pamoja. Walipewa wasaidizi waliofundishwa, ambao hawakuwa madaktari, wa kuwafuatilia huku madaktari wakiwaongoza wasaidizi hao. Baada ya miaka miwili moyo na sukari vyote vilikuwa na nafuu zaidi kuliko kwa wale wa matibabu ya kawaida. Karibu nasi, huko Mityana, Uganda, jaribio dogo liliwaunganisha wagonjwa wawili wawili ili wapigiane simu na kutiana moyo. Yaounde, Kamerun, wagonjwa walioongozwa na wagonjwa wenzao walishusha sukari yao. Matokeo ya nchi hizo mbili yalichapishwa mwaka 2015. Tafiti nyingine ni ndogo na za muda mfupi, lakini zinaelekeza upande mmoja.

Na Ukambani? Makueni, ambayo ilimegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, imekuwa uwanja wa kazi ya Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Dkt Victoria Mutiso na wenzao. Waliwafundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa jamii kutambua maradhi ya akili kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na wakawashirikisha hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini. Hao ndio watu ambao mgonjwa huwaendea kwanza. Kazi hiyo imeonyesha kwamba zahanati ya kijiji inaweza kuuliza kuhusu moyo bila kumtuma mtu mbali.

Machakos nayo si mgeni wa majaribio ya afya. Mwezi Desemba 2018 ilikuwa moja ya kaunti nne, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo, zilizochaguliwa kujaribu mpango wa afya kwa wote. Kisha mwezi Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Hilo si jambo dogo, kwa maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kila kumi nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Kipimo sasa kinaweza kufika mlangoni. Ombi langu ni kwamba swali nalo lifike pamoja nacho. Kuuliza "unaubebaje?" hakuhitaji betri.

Tena watu wa Ukambani wana mwalimu wao wenyewe katika jambo hili. Makundi ya mwethya ndiyo yaliyochimba matuta yaliyoponya milima iliyokuwa ikimomonyoka. Hakuna aliyesema kila mtu achimbe tuta lake peke yake, na asiyeweza akemewe. Watu waliungana wakaenda shamba hadi shamba. Chama cha wenye kisukari watano au sita, wanaokutana kanisani, msikitini au chini ya mwembe, wanaopimana sukari na kuambiana ukweli bila haya, ni mwethya ule ule kwa kazi nyingine.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, tuache upolisi wa sahani. Badala ya "kwa nini umekula hicho?" jaribu "leo ilikuwaje?" Kisha nyamaza usikilize. Mtu asiyeogopa kuhukumiwa atakwambia mwenyewe kwamba alikosa dawa kwa siku mbili, na hapo ndipo unaweza kumsaidia.

Pili, chakula cha mgonjwa kiwe chakula cha nyumba nzima. Muthokoi wa kiasi, maharagwe, sukuma wiki na maji vinamfaa kila mmoja, si yeye peke yake. Kumpikia mgonjwa sufuria yake pembeni, huku wengine wakila chapati mbele yake, ni kumtenga bila kukusudia.

Tatu, gawaneni kazi. Mmoja akumbuke tarehe ya kliniki, mwingine amsindikize, mwingine atembee naye jioni. Msisahau pia anayemtunza. Uchunguzi mkubwa wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza hata jamaa za wagonjwa, na ukaonyesha kwamba nao hubeba mzigo wao. Mke anayeamka usiku kusikiliza kama mumewe anapumua vizuri anahitaji naye kuulizwa hali.

Nne, kwenu wanafunzi. Vijana wengi wenye kisukari wana aina ya 1, na hao huishi kwa insulini. Wakiiacha, hata kwa siku chache, wanaweza kufa. Mwenzako bwenini anayejificha chooni kujidunga sindano hatumii dawa za kulevya. Anaficha kwa sababu ya kuchekwa. Mwalimu ampe mahali safi na penye staha, amruhusu kula kitu sukari ikishuka, naye rafiki ajifunze dalili. Mtoto anayeona haya huruka sindano, na hapo kicheko cha darasani huwa kimefika hadi kwenye damu.

Tano, tujue wakati wa kutafuta matibabu. Mtu akikosa hamu ya mambo yote kwa majuma mawili au zaidi, akashindwa kulala au kulala mno, akajiona hana thamani, amwambie daktari wake wa kisukari waziwazi. Unyogovu hutibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote. Asijinunulie vidonge dukani. Na akitaja kujidhuru, au akiacha insulini makusudi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Maombi yana nafasi yake, lakini hakuna aliye na haki ya kumwambia mgonjwa aache insulini ili kuthibitisha imani.

Sita, na hili ni la wenye kliniki: maneno mazuri hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa anayekosa insulini au nauli hawezi kutulizwa kwa ushauri. Lakini vilevile dawa haichukui nafasi ya neno. Maswali machache yanayoulizwa foleni ikisubiri, na jibu likaandikwa katika faili, yangewatoa gizani wengi ambao utafiti wa 2018 uliwakuta hawajulikani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lenyewe liliuchagua ustawi wa mgonjwa kuwa kaulimbiu ya Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, kwa miaka ya 2024 hadi 2026. Kaulimbiu hubandikwa ukutani. Swali huulizwa mdomoni.

Kisukari hakina likizo wala sikukuu. Anayeishi nacho hufanya kazi ya kongosho lake mwenyewe, asubuhi, mchana na usiku, mpaka mwisho wa maisha yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa pili huuona mwepesi kwa sababu haumo kichwani pake. Leo baada ya chakula cha mchana, kama nyumbani kwenu yupo mwenye kisukari, acha kumwuliza amekula nini. Mwulize anaubebaje. Tukutane Jumapili ijayo.